Kioo Alichoonyeshwa Daudi

Utotoni mwangu, nyumba yetu ya Masasi ilikuwa na vioo vingi kuliko viti. Baba alikuwa fundi vioo. Alinunua vioo vikubwa, akavikata kwa kalamu yenye ncha ya almasi, akasugua kingo kwa jiwe na maji ili zisimkate mtu, kisha akavitia fremu za mbao. Vinyozi, wauza nguo wa sokoni, mabibi harusi, wote walijitazama kwa kazi ya mikono yake.

Daudi, mdogo wangu, alizaliwa katikati ya vioo hivyo. Alikuwa hajaota jino Bibi, mama yake baba, alipotoka Chilangala kuja kumwona. Alimkuta mama amempakata mbele ya kioo, mtoto anachekeana na mwenzake wa ndani.

"Mama Neema! Mgeuze huyo mtoto!" Bibi alisema, akimwita mama kwa jina langu, hata kabla hatujamwamkia. "Mtoto asiye na meno haonyeshwi kioo. Atakuwa bubu."

Mama alicheka kidogo, kwa adabu. "Sasa Mama, nimgeuzie wapi? Kila upande kioo."

Bibi hakucheka.

Daudi akaota meno, akatambaa, akatembea. Hakusema. Watoto wa rika lake pale mtaani waliita mama, waliomba maji, walitukana. Yeye alivuta kanga ya mama na kuonyesha kwa kidole. Mama akaanza kufunika vioo kwa shuka. Baba alilalamika kwamba wateja hawaoni bidhaa, kisha akamtazama mama usoni, akaziacha shuka zilivyo. Nilimsikia mama akisali chumbani, si kwa maneno tuliyofundishwa kanisani. Alirudia tu, "Nilionywa. Nilionywa." Mimi nilikuwa katika umri wa kuamini kila alichosema Bibi. Nilimwonea mama huruma, lakini moyoni nilijua kosa ni lake.

Asubuhi moja kioo kikubwa kilimponyoka baba uani. Kilipasuka kwa kishindo. Nilipiga kelele, kuku wakatawanyika, jirani akachungulia kuuliza kuna nini. Daudi alikuwa amekaa karibu, ametugeuzia mgongo, anapanga korosho chini mojamoja. Hakugeuka. Hata bega halikushtuka.

Baba alisimama, damu inamtoka kidoleni, anamtazama mwanawe. Akapiga makofi nyuma yake. Akamwita kwa sauti.

"Mama Neema," akasema polepole, "huyu mtoto hasikii."

Daktari alithibitisha. Alisema pengine Daudi alizaliwa hivyo. Ulimi ni mzima, ila hajawahi kusikia neno la kuiga. Baba alirudi kama mtu aliyetuliwa mzigo. Mama alivua shuka kwenye vioo, akazifua, akazianika. Nikadhani yamekwisha.

Habari zilipofika Chilangala, Bibi alipanda basi akaja. Nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba bila kunitazama, akapita moja kwa moja hadi jikoni. Akapiga magoti mbele ya mkwewe. Sikuwahi kuona jambo kama hilo kwetu.

"Nilikubebesha lisilo lako, mwanangu. Nisamehe."

Mama alimnyanyua haraka, kwa aibu. "Inuka, Mama. Nimekusamehe." Kisha, akiwa bado amemshika mikono, akasema, "Lakini muda wote ule nilikuwa namwomba Mungu amfungue ulimi, na sikuwahi hata kumwita kwa nyuma nione kama atageuka. Mama gani hajui kwamba mwanawe hamsikii?"



Siku hizi Daudi ni seremala Newala, ana mke na binti. Mwaka jana nilimsimulia yote kwa lugha ya alama. Kuhusu kioo alicheka mpaka akafuta machozi. Nilipofika kwenye maneno ya mama, akaacha kucheka. Akaniuliza kama mama anajilaumu mpaka leo. Nikamwambia, mpaka leo.

Mwezi uleule akashuka Masasi. Nilimkuta amekaa na mama barazani, wanabangua korosho. Aliweka kazi chini, akamwambia kwa mikono, "Ulikuwa ukinitazama kila wakati. Ilinitosha." Mama, aliyejifunza lugha hiyo kabla yetu sote, alimwelewa vizuri. Akaitikia kwa kichwa, akaendelea kubangua.

Mimi nami sasa ni mama. Naona kwamba Bibi alitupatia jibu wakati hatukuwa na jibu lolote, na mama akalishika, kwa sababu kujilaumu kulikuwa nafuu kuliko kutojua. Tukamwachia alibebe peke yake. Ukweli ulipokuja, mikono yake ilikuwa imeshazoea uzito.