Mchanga wa Kuzimia Moto

Siku ile tulikuwepo hawa: mimi, wadogo zangu watatu (wavulana wawili na kitinda mimba wetu wa kike), mama jirani wa mlango wa kushoto, ambaye tangu tulipowazika wazazi alitutunza kuliko ndugu wa damu, fundi mwashi wa mlango wa kulia, mtu mwenye asili ya mkoa wa Kasai aliyezaliwa hapa hapa Lubumbashi, injinia wa komini, na dereva wa injinia, ambaye gari lake lilikuwa limekufa, kwa hiyo alikuja akitembea nyuma ya mkubwa wake, funguo mkononi. Wengine wa safu yetu walichungulia milangoni.

Injinia alikuja kukagua na kupokea kazi yangu. Nyumba zetu ni mali ya komini, serikali yetu ya mtaa: safu ndefu ya matofali chini ya paa moja. Miaka ile kila kitu kilikuwa kikianguka. Mishahara ilikoma, fedha ya asubuhi haikununua kitu jioni, na umeme ulipokatika watu walipika kwa mbabula, jiko letu la makaa, hata chumbani kwa kulala. Safu ya nyuma yetu ikaungua. Moto ulianzia kwa mtu mmoja, ukapanda, ukatembea chini ya mabati kutoka nyumba hadi nyumba, maana kuta za kutenganisha ziliishia njiani bila kulifikia paa. Hakuna aliyekufa, lakini komini iliingiwa na hofu.

Haikuwa na uwezo wa kuita kampuni. Ikatangaza kwamba atakayefanya kazi ya kuzuia moto katika safu yake, kupandisha kuta hadi kwenye mabati na kutundika ndoo ya mchanga kwenye kila mlango wa jikoni, atalipwa nyumba yenyewe: ataandikwa mpangaji halali. Nyumba yetu bado ilikuwa kwa jina la marehemu baba, na walishaanza kupita watu waliosimama mbele ya dirisha letu wakilipima kwa macho. Nilikuwa msichana aliyeacha shule katikati ya sekondari. Nilikwenda ofisini hata hivyo. Karani akaniuliza niko na kampuni gani.

"Niko na badogo batatu," nikamjibu.

Alicheka sana, kisha akanipa kazi.

Fundi mwashi ndiye aliyenifundisha kushika mwiko. Nilisimama juu ya meza yetu ya kulia, kichwa kikigusa mabati yenye joto, naye chini akinipa tofali na maneno.

"Weye, unajenga ukuta ao unapaka siagi ku mukate?"

"Fundi, hii mukate iko nguvu."

"Basi gonga, mwanangu! Ukuta haisikie haya."

Kuta zilifika juu. Kuhusu mchanga, mkataba ulitaka uwe mkavu, safi, bila mabonge. Tuliuchota kijitoni, tukauosha, tukauanika, tukauchekecha kwa chandarua chakavu mpaka ukawa laini kama unga wa bukari, ugali wetu. Nilijivunia mchanga ule kuliko hata kuta. Sikujua kwamba usafi wake ndio utakaoniponza.

Kwetu mgeni hakai na mdomo mtupu, sembuse mgeni wa komini. Na karanga, ili ziive bila kuungua, hukaangwa ndani ya mchanga wa moto. Mama jirani alipata karanga kidogo asubuhi ile, akatafuta mchanga, akaona wa kwangu umetundikwa pale mlangoni. Wanawake wengine wa safu, kila mmoja jikoni kwake, wakawaza vilevile.

Injinia akafika. Akapanda juu ya meza, akazigonga kuta kwa ngumi, akashuka akifuta vumbi kwa uso wa kuridhika. Kisha akataka jaribio. Dereva akaweka gunia kuukuu katikati ya uwanja, akalimwagia mafuta ya taa, akaliwasha.

"Zima," injinia akaniambia.

Nikaruka, nikashika ndoo ya mlango wetu. Nyepesi. Nikakimbilia ya mlango wa kushoto. Nyepesi nayo.

"Mama! Muchanga iko wapi?"

"Iko ku mbabula, mwanangu. Na kalanga. Minachukua kidogo tu!"

"Na ndoo zingine?"

Mama jirani akageukia milango mingine, ambayo ghafla haikuwa na watu. "Benzangu nabo banachukua kidogo tu."

Gunia lilikuwa limeshika moto vizuri. Nikachukua vitambaa viwili, nikainua sufuria ya mama jirani kutoka kwenye makaa, nikaimwaga yote juu ya ndimi za moto. Moto ukafa. Karanga zikatawanyika uwanja mzima, na wadogo zangu pamoja na dereva wakainama kuziokota, wakirukaruka na kupuliza vidole.

Injinia hakucheka.

"Ukuta minaona. Moto minaona inazimika. Lakini ndoo ya muchanga, hapana. Naenda kuona safu ingine. Nikirudi ndoo ziko bule vile, bila muchanga, nyumba tutapatia muntu mwingine."

Akaondoka. Mchanga wa masufuriani ulishachafuka kwa maganda na mafuta ya karanga, kijito kilikuwa mbali, na mchanga mbichi usingekauka kabla hajarudi. Nilisimama pale na sufuria tupu mkononi. Fundi mwashi akanishika bega, akanipeleka nyuma ya nyumba yake, akafunua turubai. Chini yake kulikuwa na rundo la mchanga mkavu aliokuwa akiukusanya, toroli baada ya toroli, kwa ajili ya kiwanja chake kule mtaa wa Hewa Bora.

"Chota."

"Fundi, hii njo muchanga ya kujenga nyumba yako!"

"Nyumba yangu inaweza kungoja. Yako haiwezi. Utanirudishia siku nitaanza fondasyo."

Wanawake wa safu walitoka wote na vyungio vyao vya jikoni, wakauchekecha wakicheka kwa haya. Hata dereva alivua koti. Injinia aliporudi, alizamisha mkono katika kila ndoo hadi kiwiko. Kwenye ya mwisho akatoa karanga moja. Akaiinua juu tuione sote.

"Na hii, inazima moto?"

"Inazima njaa, mukubwa," akasema mama jirani.

Akaipuliza, akaila, akatia sahihi hati yangu juu ya mgongo wa dereva.

Fundi hakuwahi kuanza fondasyo, msingi wa nyumba yake. Siasa iligeuka, na watu wenye asili ya Kasai wakaambiwa warudi kwao, hata waliokuwa hawajawahi kupaona. Alipokuwa akifunga mizigo, nilimpelekea toroli ya kwanza ya mchanga, mimi na wadogo zangu tukiisukuma. Alicheka mpaka akakaa juu ya godoro lililofungwa kamba.

"Unataka nipakize muchanga mu treni? Bantu babeba batoto na masufuria, miye nabeba muchanga?"

"Lakini niliahidi, Fundi."

"Basi unichungie. Nitakuja kuchukua."

Tukairudisha nyumbani. Nimewauliza wasafiri wengi wanaotoka Kasai. Hakuna aliyeniletea habari zake. Nyumba ni yetu, wadogo zangu walikulia humo, na mchanga wa fundi bado ninadaiwa.