Nilisema fundi ndiye aliyefuta sauti ya marehemu

Habari zenu wote. Jina langu admin lifiche kabisa, mji wetu mdogo na hata nikikohoa watu wanajua ni mimi. Ni mwanamke wa miaka 31, nina mtoto mmoja, naishi Nachingwea. Mchana nashona nguo. Chumba changu cha pili nimekibandika trei za mayai ukutani kuzuia mwangwi, humo narekodi muziki kwa kompyuta ya mezani. Wanakuja wa kwaya, wa kaswida, na vijana wa singeli. Wengi walicheka mwanzoni, mwanamke na biti wapi na wapi, lakini sasa wananijua.

Mmoja wa waliokuwa wanakuja alikuwa dada wa Ruponda, nitamwita Zaituni. Alikuwa na sauti ambayo sijaisikia tena. Alirekodi kwangu nyimbo nne, mmoja kwa Kimwera, kisha akaugua na kufariki kabla sijazimalizia. Baada ya msiba mama yake akaanza kunitembelea. Kila akija mjini sokoni lazima apite kwangu, avue kandambili mlangoni, aseme, "Mwanangu, nifungulie nimsikie." Namvalisha hedifoni juu ya mtandio, anafumba macho, anasikiliza ule wa Kimwera mara mbili, anashukuru anaondoka. Aliwahi kuniomba nimwekee kwenye memori kadi ya kisimu chake. Nikamwambia, "Subiri mama, nizipange vizuri kwanza." Nilisema hivyo karibu mwaka mzima. Hilo peke yake linanitosha kuona aibu.

Sasa kompyuta yangu ilikuwa imechoka. Nikiweka ngoma na kinanda pamoja inakwama, sauti inakatakata mbele ya wateja. Msimu huu ufuta wangu wa shambani ulitoka vizuri, nikaamua kuibadilisha. Nikapanda gari nimeipakata hadi Ruangwa kwa fundi mmoja kijana, mpole, anayeheshimika sana. Akaniongezea RAM, akanitolea diski ya zamani na kuniwekea mpya ya kisasa. Tulihamisha folda langu la kazi tukiwa wote wawili. Akaniuliza, "Dada, hakuna kitu kingine?" Nikasema hakuna. Diski ya zamani akabaki nayo, aifute aifungie kwenye mashine nyingine.

Jamani, nilivyofika nyumbani ile mashine ilikuwa inaruka! Nilifungua sauti ishirini kwa pamoja na haikutetereka. Siku mbili baadaye fundi akanitumia ujumbe wa sauti: "Dada, leo nataka kuifuta ile diski. Hakikisha kwanza, nikifuta hairudi." Nami nikamjibu kwa sauti, biti ikipiga nyuma yangu. Sikuinuka hata kuangalia.

Wiki ile ile mama akaja. Akakaa kwenye stuli yake ya siku zote, nikamvalisha hedifoni. Nikafungua folda la kazi, Zaituni hayumo. Nikatafuta kwa jina lake, nikatafuta kwa jina la wimbo, hakuna kitu. Ndipo nikakumbuka nyimbo zake nilikuwa nimeziweka nje ya lile folda, peke yake, ili niwe nazifungua haraka mama akija. Mama akauliza, "Vipi mwanangu?" Mdomo wangu ukajibu wenyewe: "Mama, fundi wa Ruangwa amezifuta."

Hakulia. Alivua hedifoni akaiweka mezani polepole kama kitu kinachovunjika.

Baada ya siku chache akarudi na kaka yake, wakataka niwapeleke kwa huyo fundi. Ningeweza kusema ukweli pale pale. Nikapanda nao gari. Tulipofika dukani kulikuwa na wateja, na mwalimu mmoja aliyeleta kompyuta za shule. Mama akasimama mbele ya fundi akamwambia, "Baba, wewe una mama? Kwa nini umenifutia mwanangu?" Fundi akaniangalia. Mimi nikaangalia nyaya chini. Nilijua anao ujumbe wangu kwenye simu, nikasubiri autoe mbele ya watu wote. Hakuutoa. Akasema tu, "Nisamehe mama. Nitajitahidi kuzitafuta." Kaka yake mama akamtolea maneno makali sana. Yule mwalimu akabeba kompyuta zake akaondoka nazo.

Fundi alihangaika kweli na ile diski. Alipata vipande visivyofunguka. Jioni moja akanitumia ujumbe, sikuona neno hata moja, ni ile sauti yangu mwenyewe amenirudishia. Nikajisikia nikisema: "Futa bwana, kila kitu ninacho. Usinisumbue, niko kwenye biti." Na kicheko changu nacho kimo humo humo. Nilipopata nguvu ya kumpigia, alipokea akasema, "Dada, sikutaka mama wa watu ayasikie yale maneno. Lakini kumwambia utamwambia wewe." Akakata. Sasa nasikia wateja wamemkimbia na anafikiria kuhamia Masasi.

Ukweli, naogopa. Naogopa wa kwaya watasema nini, naogopa wateja, naogopa zaidi uso wa yule mama. Mashine yangu mpya siku hizi naifunika kitambaa, wateja nawaambia naumwa.

Na mama hajaacha kuja. Juzi ameniletea korosho za kukaanga, eti pole kwa usumbufu alionisababishia fundi. Akakaa kwenye stuli, akaigusa kompyuta, akasema, "Mwanangu, si umesema hii sasa ina nguvu? Hebu itafute tena, labda ipo." Nikajifanya natafuta. Nilibonyeza bonyeza pale, naye amekaa ananisubiri, mpaka gari la Ruponda likapiga honi.

Jumamosi anakuja tena. Nitukaneni, nastahili, lakini nishaurini pia: huyu mama nimwambie kwa neno gani la kwanza?