Sauti ya Mzee Manirakiza

"Amemfuta baba yake," Rozalia alisema bombani, ndoo yake haijafika hata nusu. "Candide, yule Mrundi. Kabonyeza kwenye kompyuta, sauti ya marehemu yote ikaenda. Na kesho ndugu wanatoka kambi ya wakimbizi kuja kumaliza msiba."

Margareta hakuuliza zaidi. Alimkaza mwanawe Elikana mgongoni, akaacha ndoo zake kwenye foleni, akakatiza uani hadi kwa Candide.

Alimkuta anakaa, anasimama, anakaa tena. Kompyuta ilikuwa kitandani. Spika ya kwaya, ile isiyo na waya, iliwaka kitaa cha bluu lakini kimya.

"Karibu, Mama Elikana. Umeshasikia?"

"Nimesikia umemfuta mzee."

"Bado." Candide alicheka kidogo, akaacha. "Spika ya kusikilizia kesho imeungana, ila bubu. Kurwa, fundi simu, anasema nifute draiva ya sauti, ile programu inayoendesha spika, nizime, niwashe, itajirudisha yenyewe. Tangu asubuhi kidole kinagoma. Nikifuta na ya baba je?"

Mzee Manirakiza alirekodi maneno yake wiki moja kabla hajafa: nani alee nani, shamba la kwao Burundi abaki nalo nani. Katika ukoo wao maneno ya hivyo hufunguliwa siku ya kumaliza msiba, wote wakiwa wameketi. Hakuna mtoto anayetangulia kuyasikia.

"Redio yetu ilipokufa," Margareta alisema, "mtangazaji hakufa."

Candide alimtazama, akafumba macho, akabonyeza. Akazima. Akawasha. Elikana alilia, akanyonya, akasinzia, na kompyuta bado inazungusha kile kiduara chake. Candide alikuwa ameshafagia chumba mara mbili.

Ilipofunguka akaweka wimbo wa kwaya. Spika ikakoroma, kisha ikaimba mpaka kikombe mezani kikatetemeka.

Hakutabasamu. Alizima wimbo, akalikodolea macho faili la baba yake. Jina la faili lilikuwepo palepale. Lakini kama ndani mmebaki kitu, jina halikusema.

"Mama Elikana," alisema taratibu, ameshashika mlango. "Wewe Muha, Kirundi unakisikia. Na si wa ukoo wetu. Mimi natoka, nakwenda mpaka bombani. Msikilize akisalimia tu. Akianza kutaja jina la mtu, nakuomba, zima."