Nani Alipanda Lusiola Ile

“Basi wewe ndiye utamwambia, Kukhu. Wewe ndiye uliyesema uongo, si mimi.”

“Sikusema uongo. Niliokoa mti.”

“Uliokoa mti ukaniua mimi.”

“Maiti haibishani hivyo na nyanya yake. Kaa chini unywe uji.”

Gentrix hakukaa. Tangu kulipopambazuka alikuwa akizunguka ua wangu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Anafagia palipofagiwa. Anachungulia njia ya miwa. Anarudi kuinama juu ya mti wake, anautazama, anaondoka, anarudi tena kana kwamba mti huo ungeamua kutoroka. Ni lusiola, umefika usawa wa goti lake, majani yake yamekaza vizuri. Leo Mwalimu Osiako anapita nyumba kwa nyumba kukagua, na tayari mtu alikuwa amemwona kwa kina Farouk, upande wa pili wa shamba la miwa.

Huyu Osiako anafundisha somo la mazingira katika sekondari yao ya kutwa. Ni mwembamba hivi kwamba saa sita mchana hana kivuli, lazima aazime cha pikipiki yake. Na hana maneno mengi. Kwake hupati alama kwa kuandika kwamba miti ni mizuri. Mvua za kwanza za muhula zikinyesha, kila mwanafunzi apande mti mmoja nyumbani kwao, kwa mkono wake mwenyewe. Muhula ukikaribia kufunga, yeye anakuja. Mti uwe hai. Mtoto asimame kando yake, mbele ya watu wa nyumbani, aeleze kwa nini mti huo na kwa nini mahali hapo. Halafu mwalimu anawageukia watu wa nyumbani na swali lake moja tu: nani alipanda?

Alama zenyewe siku hizi si namba kama za zamani. Kuna kuzidi matarajio, kuna kufikia, kuna kukaribia, na kuna chini ya matarajio. Mimi sikuingia darasa lolote, lakini alama hizo nilizipenda siku ile ile niliyozisikia, nikaanza kuzitoa hapa nyumbani. Obusuma wa Gentrix, ugali wetu, unakaribia matarajio. Ng'ombe wetu anafikia, isipokuwa siku za kupiga teke. Goti langu la kushoto liko chini ya matarajio tangu mwaka ule upepo uliombeba jogoo wa jirani yetu Zeituni kutoka hapa hadi Mautuma, akarudi kwa miguu na wake watatu.

Lakini kwa Osiako, chini ya matarajio si mzaha. Muhula uliopita kijana mmoja anaitwa Tyson alisahau kupanda, akakimbilia Malava asubuhi ya ukaguzi, akanunua mche mkubwa kwenye kitalu, akauchomeka. Mwalimu aliushika kwa vidole viwili akauvuta. Ukatoka na karatasi yake ya nailoni, mizizi bado imejikunja ndani kama miguu ya mtoto tumboni. Tyson akatolewa kwenye somo hilo. Sasa anasoma somo lingine, na akipita mbele ya miti anaangalia upande.

Ndiyo sababu Gentrix hakuwa anakaa. Ingawa, kusema kweli, huyu hajawahi kukaa. Mama yake, Awinja, alishikwa na uchungu kwenye njia ya miwa, hakuna gari, wakampandisha kwenye trela la trekta juu ya mzigo, na mtoto akazaliwa hapo hapo juu ya miwa. Trekta halikusimama. Lilifika kwenye mizani ya kiwanda na karani akataka kumpima pamoja na miwa. Mimi ndiye niliyemnyakua. Nikiwasimulia watu hawaamini, lakini mwangalieni anavyotembea: bado yuko kwenye trela.

Awinja baadaye aliolewa kwingine. Baba yake, Were, mwanangu wa kwanza, alienda kukata miwa Matungu na kazi ikamzalia nyumba nyingine huko, anatutumia salamu. Gentrix akabaki na mimi. Alipokuwa shule ya msingi walipelekwa kuona Msitu wa Kakamega, wakapokelewa na askari wa msitu, mwanamke, amevaa sare ya kijani na buti. Jioni hiyo msichana wangu alirudi akitembea kwa hatua nzito, miguu mitupu, akisikiliza buti ambazo hazikuwepo. Mpaka leo. Na njia ya kwenda kwenye buti zile, anasema, inapita kwenye somo la Osiako. Akitolewa, imefungwa.

Sasa ule uongo.

Huku kwetu mwanamke hapandi mti. Mboga apande, mahindi apande, miwa hata apande mgongo upinde. Mti, hapana. Wazee walisema mwanamke akipanda mti, mwanaume wa boma lile anakufa. Wengine wamekwisha kuacha hayo. Mwanangu wa pili, Wanjala, hajaacha. Wanjala hupakia miwa kwenye matrela, mabega yake ni kama ya fahali, anashika nyoka kwa mkia akimcheka. Lakini mwiko anauogopa, kwa sababu tangu Were aende, mwanaume wa boma hili ni yeye peke yake. Akihesabu nani atakayekufa, hesabu inaisha kabla haijaanza.

Siku ile ya mwanzo wa muhula alikuja na panga. Alikuwa ameona kijiti cha lusiola kimesimama kati ya nyumba yangu na yake. “Nani amepanda kitu hapa?” Gentrix alikuwa shuleni. Mimi nilikuwa nachambua maharagwe. Nikasema, “Mimi.”

“Wewe, Mama?”

“Mimi. Nimemaliza kuzaa kabla hujajua kuvaa suruali. Mkongwe kama mimi ni mwanaume kama wewe, unanizidi meno tu. Uliza wazee.”

Aliuliza wazee, na wazee wakakubali. Mwanamke aliyefunga uzazi mwiko haumshiki. Wanjala akafurahi mno. Akaenda sokoni akawaambia watu mama yake amepanda mti uzeeni. Nami nikaulizwa sokoni, na mimi nikiulizwa sijui kujibu kidogo. Nikasema nilichimba shimo kwa kijiko cha chai, na nilipofika chini nikasikia watu wa upande wa pili wa dunia wakigombania chumvi. Hadithi ikatembea. Jana ikafika darasani. Mwalimu Osiako akamwambia Gentrix, mbele ya wenzake, “Nasikia kwenu mpanda miti ni nyanya.” Akaongeza, “Nitauliza kesho.”

“Kwa hiyo utamwambia nini?” Gentrix alisimama mbele yangu, ufagio mkononi.

“Nitamwambia ulipanda wewe.”

“Na Baba Mdogo akiwa amesimama hapo?”

“Nitamwambia mwalimu sikioni.”

“Mwalimu hapokei jibu la sikioni. Anasemanga, sema wote wasikie.”

“Basi nitamtuma Wanjala dukani.”

“Amevaa shati la kanisani tangu asubuhi, Kukhu. Anamngoja mgeni. Utamtuma wapi, Uganda?”

Niliwahi kuwadanganya polisi, mkunga, na kasisi aliyetoka mbali, na sijawahi kuona uongo mmoja ukidaiwa na watu wawili siku moja, huyu akiutaka uishi na yule akiutaka ufe.

Wanjala akatoka nyumbani kwake akifunga vifungo vya mikono. Viatu vimepakwa rangi. Akasimama karibu na lusiola kama mtu anayepigwa picha na jamaa.

“Bado hajafika?”

“Yuko kwa kina Farouk,” nikasema.

“Vizuri. Mimi ndiye nitakayempokea. Nitamwambia, Mwalimu, mti huu ulipandwa na mama yangu mzazi, kwa umri huo, na mjukuu anaumwagilia maji. Atampa huyu alama zote.”

“Atanipa chini ya matarajio,” Gentrix akasema.

“Kwa nini, na mti ni mzima?”

“Kwa sababu anataka aliyepanda.”

“Aliyepanda si huyu hapa?” Akanionyesha kwa kidevu.

Nilikohoa. Nilikuwa na maneno tayari, mazuri, yenye ndege ndani yake aliyebeba mbegu kutoka Mlima Elgon. Sikuwahi kuyatoa. Gentrix aliweka ufagio chini, na hapo nikajua, maana mtoto huyu haweki kitu chini.

“Nilipanda mimi, Baba Mdogo.”

Wanjala alicheka kidogo. Akanitazama ili nicheke naye. Sikucheka.

“Mama?”

“Mtoto amesema.”

“Nimekuuliza wewe.”

“Na mimi nimekujibu kwa kinywa chake. Changu kimechoka.”

Alirudi nyuma, mbali na mti, kama vile ulikuwa umepiga chafya. “Tangu mwanzo wa muhula,” akasema polepole. “Mnaniona napita hapa kila siku. Mnanisalimia. Mnanipa chai.”

“Na umekunywa yote,” nikasema. “Muhula mzima mti wa mwanamke umesimama mlangoni pako, na umekuwa ukila obusuma kama watu wawili. Kwenye harusi ya binti Chelimo ulicheza mpaka ukapasua suruali. Ni kufa gani huko?”

“Bega langu limekuwa likiuma.”

“Unabeba miwa, Wanjala.”

“Nilibeba miwa miaka yote, halikuuma. Limeanza muhula huu.” Akajishika bega, akajishika na kiuno, kwa uhakika. “Na ile homa.”

“Homa uliyopata baada ya kunyeshewa ukitoka kwa Navalayo wa pombe?”

“Mama, usinichezee. Mimi nina watoto.”

Hapo sauti yake haikuwa ya mzaha, na mimi nikaacha wangu. Alikuwa anaogopa kweli. Mtu mkubwa akiogopa anaonekana mdogo kwenye shati lake. Akainama, akashika lusiola kwa mikono miwili chini kabisa, pale shina linapoingia ardhini.

“Utapanda mwingine,” akamwambia Gentrix. “Kesho nitakupandia mimi mwenyewe. Mitatu.”

“Ukiung'oa natolewa darasani leo.”

“Kuna masomo mengine. Huyo Tyson si anasoma?”

“Mimi si Tyson.”

“Wewe ni mtoto wa ndugu yangu, na ndugu yangu hayupo, na nikilala chini mimi, nani atakulipia hiyo shule unayoililia?”

Gentrix hakulia. Alizunguka upande wa pili wa mti, akachuchumaa akiwa amemwelekea, paji la uso kwa paji la uso, kama ndama wawili kwenye hori moja.

“Basi niulize,” akasema. “Mwalimu ataniuliza kwa nini hapa. Niulize wewe kwanza, halafu ung'oe.”

“Sina haja ya kukuuliza.”

“Maji ya mvua yanatoka kwenye njia ya trekta. Yanapita hapa. Yanaenda wapi?”

Wanjala alijua yanakoenda, sote tulijua. Yalikuwa yakigonga ukuta wa jiko lake kila msimu, na kila msimu anaukandika upya, na mwaka jana ulianguka juu ya sufuria.

“Nilipima kwa mguu,” Gentrix akasema. “Ningeuweka kule juu kwenye rutuba, ungekuwa mrefu zaidi na ningepata alama kwa urahisi. Nikauweka hapa kwenye mfereji, nikalaza mawe nyuma yake. Ulikufa kidogo ile wiki ya jua, nikaubebea maji kutoka kisimani na jerikeni. Mwaka huu ukuta wako umeukandika mara ngapi?”

Nilimtazama Wanjala akitazama ukuta. Ulikuwa umesimama. Mkwaruzo wa maji wa zamani ulikuwepo bado, chini, lakini udongo juu yake ulikuwa mkavu na panzi alikuwa ametulia hapo akiota jua. Nadhani hakuwa amewahi kufikiri juu ya hilo. Mtu hafikirii ukuta ambao haujaanguka.

“Mvua ilikuwa kidogo,” akasema.

“Ilibeba daraja la Chebet,” nikasema, na mara hiyo moja sikuwa nimeongeza kitu.

“Mama, wewe nyamaza.”

“Nimenyamaza.”

“Ukimwambia mwalimu ni wewe,” akamwambia Gentrix, mikono bado kwenye shina, “kesho soko lote litajua. Watasema Wanjala anaishi chini ya mti wa msichana. Wataanza kuniangalia. Watu wakianza kukungojea ufe, Gentrix, hata mzima unaugua.”

“Waambie unaishi nyuma yake. Chini yake bado hutoshi.”

Kitu kilipita usoni mwake, karibu kiwe kicheko, kikakosa njia. Vidole vyake vilikaza. Udongo ukapasuka kidogo kuzunguka shina. Gentrix aliuona ufa huo nami nikauona, naye akaweka viganja vyake juu ya mikono ya baba yake mdogo, hakusukuma wala hakuvuta.

“Na nikifa kweli?” akauliza Wanjala, kwa sauti ya chini. “Nikifa mimi?”

“Nitakuwa nimekosea,” akasema Gentrix. “Lakini nitakuwa nimesema mimi mwenyewe, si Kukhu.”

“Sikiliza, Wanjala,” nikaanza, “marehemu baba yako aliwahi—”

Pikipiki ikazimwa pale kwenye njia ya miwa. Mwalimu Osiako aliingia uani akiwa ameshika kofia yake ya chuma kwapani, vumbi hadi kwenye nyusi. Akatusalimu sote watatu kwa pamoja, akatazama mti, akatazama ile mikono minne juu yake.

Wanjala alikuwa wa kwanza kuachia. Kwa kidole gumba alibonyeza udongo pale ulipopasuka, akasimama, akajifuta viganja kwenye suruali yake ya kanisani, akasogea pembeni hadi karibu na ukuta wa jiko lake. Gentrix akabaki peke yake kando ya lusiola.

“Nani alipanda?” mwalimu akauliza, na mimi na Wanjala tukamgeukia Gentrix.