Zenon na Kadi Iliyoikataa Kompyuta

Zenon hakuacha udereva wa malori kwa hiari yake. Mgongo ndio ulioamua. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa amepandisha dagaa wa Kirando hadi uwanda wa juu wa Ufipa, akabeba mahindi ya Namanyere hadi Tunduma, na hakuna siku hata moja aliyopindua lori. Daktari alipomwambia sasa basi, akarudi nyumbani kwake Chanji, Sumbawanga, akavaa sweta, akaketi barazani kusikiliza malori ya wenzake.

Kusikiliza ndiko kulikomchosha mkewe. Lori likipita barabarani, Zenon alitikisa kichwa na kusema huyo kachelewa kubadili gia, au huyo breki zake zinalia na mwenyewe kaziba masikio. Gaudiosa alivumilia kwa wiki mbili, kisha akaanza kuuombea ule mgongo upone haraka.

Msaada ukaja kwa njia nyingine. Binti yao Monika, muuguzi huko Dar es Salaam, alikuja likizo na kompyuta ya zamani iliyokuwa ikitumika ofisini, ili baba awe anasoma magazeti. Jioni moja akamwonyesha kwenye simu watu wanaocheza mchezo wa kuendesha malori. Zenon alianza kwa kuguna kwamba watu wazima wamekosa kazi. Baada ya dakika tano akauliza lile lori lina gia ngapi.

Monika aliporudi Dar, mzee aliibeba kompyuta hadi kwa Kristiana, fundi mwenye kibanda karibu na soko, kwa sababu mchezo ulikuwa umekataa kabisa kufunguka. Kristiana alimwamkia, akamkalisha, akamweleza taratibu. Ndani ya kompyuta kuna prosesa, ndiyo inayopiga hesabu zote: lori liko wapi, magari mengine yanakwenda wapi, mvua inanyesha au hainyeshi. Halafu kuna kadi ya picha, kazi yake ni kuyachora hayo kwenye kioo. Prosesa ya kompyuta hii ilikuwa imechoka, na kadi haikuwepo. Ushauri wake ulikuwa atafute prosesa ya bei nafuu lakini ya miaka ya karibuni, na kadi ya wastani inayolingana nayo.

Zenon aliitikia kila neno, kama dereva anavyomwitikia askari wa barabarani ili aachiwe aende. Alipofika nyumbani akampigia Monika na kumwomba kadi peke yake, iliyo kubwa kuliko zote.

"Injini kubwa haijawahi kumtupa mtu, mwanangu," alisema.

Monika, ambaye hakuwa na desturi ya kumtii baba yake, siku hiyo alimtii. Akatafuta kadi iliyokwishatumika, akaifunga vizuri na kuituma kwa basi.

Ilikuwa na feni tatu na uzito wa tofali. Kristiana aliipima kwa macho, kisha kwa rula, kisha akasema kwa heshima zote kwamba haitaingia. Mzee akashauri ubavu wa kompyuta uondolewe. Ukaondolewa, na bado kadi ilichungulia nje kama mbuzi aliyefungwa kwenye kikapu. Umeme wa ndani nao haukuitosha, ikabidi Kristiana amwazime kifaa kingine cha kugawa umeme. Mwishowe ikawaka, ikaunguruma hadi jirani akauliza kama wamenunua mashine ya kusaga.

Picha ilikuwa nzuri ajabu. Zenon aliona umande kwenye majani na kutu kwenye boliti za lori. Lakini lori lenyewe lilikwenda kwa kurukaruka: barabara inasonga, inaganda, inasonga tena. Akiingia kwenye kona, kila kitu kilisimama, na kilipozinduka lori lilikuwa tayari liko mtoni. Gaudiosa alikuwa nyuma yake akichambua maharage.

"Saba," alisema, bila kuinua macho.

"Saba nini?"

"Malori, Baba Monika. Tangu mchana."

Zenon alilaumu kona. Kesho yake akalaumu umeme, keshokutwa akalilaumu lori, kwamba limetengenezwa na watu wasiowahi kubeba mzigo. Monika alipopiga simu kuuliza kadi inaendeleaje, alijibu kwamba inaunguruma vizuri, na kwa hilo hakusema uongo. Kwa Kristiana hakutaka kwenda. Alipopita sokoni alizunguka njia ya nyuma, tena kwenye matope.

Aliyekwenda ni Gaudiosa. Akitoka kununua chumvi aliingia kibandani, akauliza moja kwa moja kwa nini kitu kikubwa namna ile kinakwenda kama kigonjwa. Kristiana alifikiri kidogo, kisha akamuuliza, "Mama, umewahi kuona maksai na ndama wakifungwa nira moja?"

Gaudiosa alikuwa mtoto wa wakulima wa Chala. Hakuhitaji maelezo zaidi. "Kwa hiyo maksai hana kosa," alisema. "Anamsubiri ndama."

"Ndiyo hivyo. Kadi inachora haraka, halafu inakaa inaingojea prosesa imalize hesabu."

Dawa ilikuwepo, tena palepale mjini. Flavian, mpiga video za harusi, alikuwa amejinunulia prosesa yenye nguvu lakini kadi yake ilikuwa ndogo, na kila harusi ilimchukua siku nne kuiandaa. Alikuwa pia na prosesa yake ya zamani kidogo, ya bei ya chini, pamoja na ubao wake wa kuichomekea, vimekaa kabatini bila kazi. Angevitoa vyote pamoja na ile kadi ndogo, apewe kubwa.

Gaudiosa alipoyafikisha haya nyumbani, Zenon alisema alikuwa anajua. Kilichomshinda ni kumwambia mtoto kwamba zawadi yake inataka kubadilishwa. Alishika simu, akauliza hali ya joto Dar, akauliza zamu za hospitalini, akaeleza mvua za Ufipa tangu zilipoanza. Mwisho akakohoa.

"Mwanangu, kadi yako ni nzuri. Tatizo ni kwamba mimi sikuambiwa..." Akajisahihisha. "Hapana. Niliambiwa. Sikutaka kusikia."

Monika alicheka hadi simu ikakwaruza. Akasema mama yake alikwisha kumwambia habari za malori saba, na yeye alikuwa anasubiri tu aone baba atafikisha mangapi.

Wakabadilishana siku ya Jumamosi. Kompyuta ikafungwa ubavu wake, kadi ya feni moja ikiwa imekaa ndani kwa adabu. Umande kwenye majani ulipotea, na milima ya mbali ikawa na ukungu kidogo. Ila barabara sasa ilitiririka. Zenon alishuka mteremko mrefu wenye kona, mzigo nyuma, akabadilisha gia kila mahali panapostahili, akafika chini salama. Mgongo wake ulikuwa umenyooka bila yeye kujua.

Gaudiosa alikuwa ameacha maharage. Alivuta kigoda, akatazama barabara ikija na kupita.

"Kumbe hivi ndivyo unavyoona," alisema. Miaka yote ile alikuwa akimfungia chakula cha safari na kumfungulia geti, lakini hakuna aliyewahi kumpandisha kwenye kabini.

Zenon alimtazama mkewe, akasogea, akampisha.

Siku ya kwanza Gaudiosa aliingia mtaroni mara kumi na moja, na mumewe hakuhesabu kwa sauti. Siku ya tatu alifika mwisho wa safari. Kufikia Pasaka alikuwa na mto wake wa kuegemea, na zamu yake ilianza mara tu baada ya sala ya jioni. Jioni moja alikuwa anashuka na mzigo wa mbao, Zenon akainama kumwonya kuhusu gia.

"Baba Monika," alisema Gaudiosa, macho barabarani, "utingo haongei na dereva kwenye mteremko."

Zenon akafunga mdomo, akaenda kuangalia kama chai imechemka.