Biyeleti Mpya za Papa Akilimali

Nyota hakumwomba baba yake nguo wala safari. Aliomba bohari, ile ya uani nyuma ya duka lao la vitenge pale Nyawera, aifanye gereji. Papa Akilimali alicheka mpaka akakohoa. Binti wa ukoo wa wafanyabiashara, ambao babu zao walitoka pwani na bidhaa begani, leo akalale chini ya magari! Lakini maman Rahima alimkazia mumewe macho, na mzee akalegea. Wakapatana hivi: Nyota alinyooshe gari jekundu la mzee. Likienda sawa, bohari ni yake. Likishindwa, Jumatatu anaingia dukani kukata vitenge, na habari za spana ziishe.

Gari lenyewe lilikuwa la mbio, la zamani, milango miwili na viti viwili, tumbo karibu liguse ardhi. Waliolitengeneza hawakuwahi kuota barabara za Bukavu. Papa Akilimali alilipenda kupita kiasi. Miaka thelathini lilimvuta kulia, upande wa mtaro, na miaka thelathini yeye alilikatalia.

Nyota alikuwa amesomea ufundi, hakuhitaji kubahatisha. Ugonjwa ulikuwa kwenye biyeleti, vile vyuma viwili vinavyopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu ya mbele. Kimoja kilikuwa kimepinda, na vichwa vya vyote viwili vimelegea vinacheza ovyo. Kurudishia vyembamba kama vile ingekuwa kujidanganya, maana mashimo yangevimaliza kabla ya Ramadhani. Akaenda Kadutu kwa Pascal, mchonga vyuma, wakatengeneza vingine vinene, ambavyo ukivizungusha vinarefuka au vinafupika. Akafunga kamba ya nailoni kutoka gurudumu la nyuma hadi la mbele, akapima, akazungusha nusu, akapima tena. Kazi hiyo ilimla siku tatu. Usukani ulipokaa katikati bila kuinama, alipiga kigelegele peke yake chini ya gari, akagonga kichwa.

Jumapili asubuhi baba na binti walishika njia ya Katana, wakafika mahali inaponyooka. Papa Akilimali alikuwa kwenye usukani. Hata mita mia hawajamaliza, gari likakata kushoto na kuwaelekea mbuzi waliokuwa ng'ambo ya barabara. Mzee akakanyaga breki.

"Unaona?" akafoka. "Zamani ilikuwa inavuta ku droite, sasa umeifanya ivute ku gauche! Lundi uko ku duka!"

Siku tatu za kupima, na gari linakwenda kwa mbuzi! Nyota alitaka kulia, tena kwa hasira. Baba yake akawasha tena, na safari hii Nyota hakutazama barabara. Alitazama mikono ya mzee. Ilikuwa imeuinamisha usukani kushoto, vilevile kama ilivyofanya kila siku kulizuia gari lisiingie mtaroni, na mwenyewe hana habari.

"Papa, acha volant."

"Uko na wazimu?"

"Tunaenda pole pole. Acha kidogo tu, utaona."

Papa Akilimali akainua mikono yote miwili juu, kwa kusudi la kumwaibisha. Gari likaenda. Likampita mama mmoja aliyebeba mihogo, ambaye alimwona dereva mikono juu akakimbilia migombani. Likawapita mbuzi. Mita mia, mia mbili, wala halikuyumba kulia wala kushoto.

"Motokari haina mambo, papa," Nyota akasema kwa furaha. "Mikono yako njo iko napinda."

Kicheko kikamtoka mzee tumboni, akacheka mpaka machozi, akaushika tena usukani kwa vidole viwili kama anayeogopa kuuamsha.

Walipofika nyumbani hakuingia ndani kunywa chai. Alikwenda moja kwa moja uani, akafungua mlango wa bohari. Marobota yake ya vitenge yalikuwa yamejaa mpaka darini. Akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akawaita watu wake wa duka kwa sauti ya kusikika mtaa mzima:

"Hii mizigo yote ndani ya garage ya mutoto yangu ni ya nani? Mutoshe yote inje!"