Mchanga wa kobe wangu

Bandugu, leo nusura nitapike.

Natafuta kitu laini cha kutandika mu lupango, ile fensi ya kobe wangu. Shemeji yangu, bwana ya dada, akatoka Salamabila, kule kwenye machimbo ya zahabu, na mufuko muzima wa mchanga.

"Huu mchanga iko safi! Tuliuosha mara tatu."

Akaumwaga. Kobe akaanza kuulamba.

Nikauliza: mulioshea na nini?

"Maji na merkire, ile zebaki, si ya kukamata zahabu?"

Ile sumu! Nikamunyakua kobe, nikamuosha mudomo. Shemeji anacheka tu.

"Unaogopa nini? Dada yako anasugulia nao masufuria kila siku."

Kila siku! Na batoto banakula mule!

Niko njiani kwenda kuutupa wote. Nani analeta beche nichimbe shimo ya kuufukia?

Musinicheke. Jana nilikula fufu kwao, nikalamba mpaka sufuria.